Mafuta Kwenye Kioo cha Taa ya Picha

Ni ule mwaka tuliokula majani ya malenge asubuhi na jioni. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini na serikali ya mkoloni, upande wa Mugutha, mashamba yakabaki mbali, na malenge yenyewe hayakuwa yamekomaa, kwa hivyo tulikula majani. Bila mafuta. Ukimpata mtu wa rika langu anayekunja uso akisikia majani ya malenge, usimuulize ni mwaka gani. Anaujua.

Mimi sikusoma. Wajukuu wangu wamesoma, wanne wana digrii, na nalisema hilo bila kuona haya. Kusoma kwangu nilikupata kwa ufagio. Nilifagia kanisa letu la Ruiru, ambalo siku za wiki lilikuwa shule, na mwalimu akanilipa kwa masomo: nusu saa kila jioni, kitabu cha kwanza, kidole chini ya neno. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tisa. Duniani hakukuwa na kitu nilichokitaka kuliko ukurasa wa kumi.

Mara moja kwa mwezi ilikuja taa ya picha kutoka kanisa la Thika, ndani ya sanduku, kwa treni. Ilikuwa kama kanyumba ka bati kenye pua. Ndani unaweka karabai, katikati unatia kipande cha kioo kilichochorwa, na ile pua, yenye kioo kinene, inatupa picha. Mwalimu alitundika shuka katikati ya kanisa, taa ikakaa nyuma yake, sisi tukakaa mbele. Shuka lilimwagiwa maji kwanza ili mwanga upenye. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ya kahawa, hata saa nane mchana kukawa giza kama ndani ya chungu. Watoto wa leo wana televisheni kubwa kama mlango na bado wanapiga miayo. Sisi tulikaa chini tukitazama shuka lililolowa, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Jumamosi moja sanduku lilifika na vumbi jekundu mpaka ndani. Mwalimu akaniambia, "Ipanguse, kesho watu watajaa."

Kupangusa! Mama yangu alinifunza kuosha. Nilifungua pua, nikatoa kile kioo kinene, nikakiosha kwa sabuni mpaka kikalia chini ya kidole. Halafu nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Mtoto akitoka kuoga humwachi amepauka, watu wakamcheka mama yake. Unampaka mafuta. Nilikuwa na mafuta ya mbarika kidogo kwenye kichupa, ya uso wangu wa Jumapili. Nikakipaka kioo tone moja, mbele na nyuma, kikang'aa kama paji la uso la bibi harusi. Nikakirudisha. Nilijisifu, sifichi.

Kesho yake, baada ya ibada, mwalimu akawasha, akatia picha ya Musa na kile kichaka kinachowaka. Kwenye shuka tukaona uji.

"Mwalimu, Musa ni yupi na kichaka ni kipi?" shosho mmoja, bibi kizee, akauliza kutoka mbele.

"Ngoja kidogo, shosho."

Akasogeza meza nyuma, uji ukawa mkubwa. Akaisogeza mbele, ukawa mdogo. Akavuta pua, akaisukuma. Akasema shuka limekauka, tukalimwagia maji tena, yakawarukia waliokaa mbele, wakapiga kelele. Akasema ni karabai, akaipiga pampu mpaka ikaunguruma. Akageuza kipande cha picha, uji ukapinduka, ukabaki uji.

"Sasa ameanguka motoni," shosho akasema, kanisa lote likacheka.

Mwalimu hakucheka. Mzee wa kanisa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasimama. "Nani aligusa hii mashine?"

Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na ndoo yangu. Kioo kilikuwa kimepata moto wa karabai, na ile pua ikaanza kunukia. Nikavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya mtoto aliyetoka kuoga.

"Mwalimu, ni mimi," nikasema. "Nilikiosha kioo, kisha nikakipaka mafuta kisipauke."

"Ngai! Wewe kairitu, msichana mzima, kioo kina ngozi?" mwalimu akasema.

Sikungoja zaidi. Nilikitoa kwa ncha ya leso, kikiniunguza, nikakimbia nacho nyumbani kwa mwalimu, pale nyuma. Nikakiacha kipoe, maana kioo cha moto ukikitia maji kinapasuka, hilo hata asiyesoma analijua. Nikakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara mbili, nikakikausha kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Nikakipulizia pumzi. Ukungu ukakaa sawasawa, bila michirizi.

Mwalimu alipowasha tena, Musa alikuwa na kope.

"Hata kamba za viatu naziona," shosho akasema, "na bado hajavivua, huyu!"

Tuliangalia picha zote mpaka ya mwisho. Hapo mzee wa kanisa akaniita mbele. Msamaha niliomba, kwa mafuta. Hakutosheka.

"Sasa ahidi mbele ya watu kwamba hutafungua mashine hii tena maisha yako yote. Ukiahidi, endelea na ufagio wako na kitabu chako. Ukikataa, nenda nyumbani."

"Sema tu," mwalimu akaninong'oneza. "Ni maneno."

Nilijua ninachotupa. Kitabu kile sikukishika tena, na mpaka leo sijui ukurasa wa kumi ulianza na neno gani. Huku kuandika nilikuja kukuokota baadaye kwa watoto wangu, neno hapa, neno pale.

"Nimeiharibu mimi, nimeitengeneza mimi. Siahidi."

Mama yangu, aliyekaa mstari wa pili, akanivuta leso. Mzee akatega sikio kwa kiganja.

"Umesema nini, kairitu? Rudia, watu wa nyuma wasikie."

Nikawageukia watu wa nyuma.

"Nimeiharibu mimi, nimeitengeneza mimi. Siahidi."