Helikopta Uani Kwa Bibi

Nikisikia harufu ya waya unaoungua, narudi uani kwetu Kasulu, nimeshika rimoti. Baba mdogo aliniletea helikopta ya kuchezea kutoka Manyovu, akawa ananifundisha kuirusha.

"Inua polepole, mwanangu. Usishindane nayo."

Iliruka, ikayumba, ikamwendea bibi aliyekuwa akipepeta maharage. Bibi alikuwa amekimbia vita Burundi. Alipiga yowe, akanyakua jembe, akaiponda hadi betri ikafuka moshi. Kipande cha pangaboi kilimchana shavu, hakuacha kupiga.

"Mama, ni ya kuchezea tu!" baba mdogo alilia.

Bibi akatupa jembe, akanirukia, akaniangusha chini na kunilalia. Damu yake ilinidondokea mdomoni.

"Nyamaza, watatusikia," alininong'oneza, akiniita kwa jina la mwanawe aliyeuawa Burundi.