Baba Alipohesabu Viumbe vya Barafu

Nilirudi Kigali na masanduku matatu ya vioo vya maabara, pamoja na hadubini kuukuu niliyoazimwa na chuo. Jirani yetu wa Ndera, mama mjane aliyekulia Bujumbura na anayeuza vitambaa Nyabugogo, alikuwa amenipigia simu. "Muzehe iko anavimba miguu," aliniambia, akimaanisha Baba, "na hataki uambiwe." Mama yangu alikwisha kufariki, na mimi ndiye mtoto pekee. Profesa wangu huko Ulaya, nilikokuwa nasomea shahada ya uzamivu, akakubali nimalizie kazi nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Meli ya utafiti ilikwenda kwenye bahari ya kusini kabisa, inayozunguka bara la barafu, ikazamisha bomba refu la chuma na kuvuta tope lililotulia chini kwa maelfu ya miaka. Mimi sikuwemo melini. Nililetewa tope tu, nikalipaka juu ya vile vioo, kila tabaka na kioo chake. Ndani ya tope hilo mna magamba ya mwani mdogo sana, uitwao diatomu, ambayo jicho tupu haliyaoni. Ziko aina zinazoishi kwenye barafu, na aina zinazopenda maji ya wazi. Ukihesabu zipi zimezidi katika kila tabaka la tope, unajua enzi zile bahari ilifunikwa na barafu kiasi gani. Nilikuwa nimebakiza tabaka chache, na makala yangu ya kwanza ilikwisha kupelekwa kwenye jarida. Ilisema kwamba katikati ya bomba kulikuwa na kipindi kirefu cha baridi kali, barafu ikaenea mbali.

Baba alikulia Karagwe, mtoto wa wakimbizi, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja ya misheni huko Tanzania. Kutwa alikuwa akitazama damu za watu, akitafuta vidudu vya malaria. Tuliporudi Rwanda vyeti vyake havikumsaidia. Kila alikokwenda waliomhoji walimhoji kwa Kifaransa, naye Kifaransa hakukijua. Akaishia kuwa mtunza stoo wa shule hadi alipostaafu. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Hadubini niliiweka sebuleni, karibu na dirisha. Asubuhi ya tatu nilimkuta ameketi mbele yake, mikono mapajani, hajaigusa.

"Naweza kutazama?" aliniuliza.

Nilimwekea kioo. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye gurudumu la kulengea, bila kutafuta. Alitazama muda mrefu, kisha akasema ni wazuri kuliko malaria.

Kuanzia hapo kila asubuhi, baada ya uji na dawa, alikuwa akikaa pale saa mbili au tatu. Nilimpa vioo vya katikati ya bomba, ambavyo nilikuwa nimeshavihesabu, pamoja na karatasi yenye safu moja kwa kila aina. Sikumwambia kwamba vimekwisha. Nilitaka tu awe na la kufanya, kama mtu anavyompa mtoto sufuria tupu jikoni ili asimsumbue. Alinunua daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akaanza kuandika. Mimi mchana nilikwenda Kacyiru, nilikopata kazi ya muda katika ofisi ya mambo ya hali ya hewa, na jioni alinieleza ameona nini. Nilimsikiliza huku nasoma barua pepe.

Baada ya kama wiki tatu aliniita.

"Mama, njoo utazame," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Hapa umeweka wawili kwenye safu moja. Huyu mistari yake imebanana. Huyu mwingine mistari imeachana, na ni mrefu kidogo. Si ndugu hawa."

Mmoja aliyemtaja ni wa barafu. Kama mwingine kweli alikuwa mwingine, basi alikuwa wa aina inayopenda maji ya wazi. Nilijua hapohapo maana yake ingekuwa nini kwa makala yangu, na nadhani ndiyo sababu sikuinama kutazama. Nilikuwa nimevaa tayari kwenda kazini.

"Baba," nilimwambia, "hii si malaria."

Alisema, "Sawa." Akafuta lenzi kwa kitambaa, akafunika hadubini, akaliweka daftari juu ya kabati. Hakuketi tena pale. Asubuhi zilizofuata alikaa barazani, akiangalia nyumba mpya zinavyojengwa kwenye mashamba ya jirani. Nilimwuliza mara moja kama hataki kuhesabu, akasema macho yamechoka. Nilikubali haraka, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kukubali.

Mwezi uliofuata moyo wake ulizidi kuchoka na akalazwa. Wiki hiyohiyo jarida lilinijibu. Mtaalamu mmoja waliyempa makala aikague, nisiyemjua, aliomba picha za ile diatomu ya barafu kutoka kwenye vioo vya katikati. Niliketi dirishani kuzipiga. Picha ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili mistari ilikuwa imeachana. Ya tatu pia, na ya nne. Nikashusha daftari kutoka kabatini. Baba alikuwa amevihesabu vioo kumi na moja kwa safu mbili, kwa mwandiko wake wa hospitali ulionyooka, na katika vyote wale wa maji ya wazi walikuwa wengi kuliko wenzao. Nilichokiita kipindi cha barafu kuenea kilikuwa kipindi cha barafu kurudi nyuma. Nilikuwa nimesema kinyume cha yaliyotokea.

Nilikwenda hospitali na daftari mkobani. Alikuwa ameegemea mito, pumzi fupi, jirani yetu akimshikia kikombe. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea, na nilikuwa nimempa vile vioo kama mchezo tu. Niliyasema yote kwa mpigo nikiogopa kunyamaza. Hakuonyesha kushangaa. Alifunga macho kidogo, nikadhani amelala.

"Umeanza upya?" aliniuliza.

"Bado, Baba."

"Basi nenda uanze. Mimi nipo."

Nilibishana naye. Jirani akasema niende, yeye angebaki naye mpaka jioni, siku hiyo hakufungua duka. Nikaenda. Nilianza na kioo cha kwanza kabisa. Simu niliiweka chumbani ndani ya sanduku la nguo, kwa maana ikitetemeka mezani hata picha ndani ya hadubini inatetemeka. Nilihesabu kwa makini kuliko nilivyowahi kuhesabu, na, lazima niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nilipokwenda kuichukua simu saa kumi na moja, jirani alikuwa amepiga mara tisa.

Alikuwa akinisubiri mlangoni mwa wodi. Alisema, "Ihangane, mwanangu," pole wanayopewa wafiwa kwetu, halafu tukakaa kwenye benchi. Baadaye nilimwuliza kama Baba alisema lolote. Aliniambia aliuliza mara mbili nimefika kioo cha ngapi, naye akamjibu kuwa hajui.

Siku ya kumaliza msiba alifika mzee mmoja kutoka Karagwe, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi na Baba. Alikuwa amelala Rusumo njiani, miguu imemvimba kwa safari. Alinisimulia jambo ambalo Baba hakuwahi kunisimulia. Zamani aliletwa mtoto mwenye homa, na daktari akasema ni malaria. Baba alitazama damu na kusema hakuna malaria, watafute kitu kingine. Daktari akamjibu mbele ya watu kuwa kazi yake ni kuhesabu, si kufikiri. Baba akarudi kubishana, akafukuzwa chumbani. Mtoto alitibiwa malaria, akafa siku ya tatu.

"Tangu hapo," alisema yule mzee, "akawa anasema neno lake mara moja, basi. Alisema ukirudia, mkubwa hukaza shingo zaidi."

Niliinuka nikaenda uani, nikakaa nyuma ya nyumba mpaka jirani aliponifuata.

Niliiondoa makala kwenye jarida na kurudia vioo vyote. Ilinichukua miezi saba. Nilitaka Baba atajwe kama mwandishi mwenza wa makala mpya. Profesa alinieleza kwa upole kwamba mwandishi sharti aisome na kuikubali kazi kabla haijatoka, na marehemu hawezi. Kwa hiyo yumo mwishoni, penye shukrani, katika mstari mmoja unaosema kwamba baba wa mwandishi ndiye aliyetenganisha aina mbili zilizokuwa zimechanganywa. Jirani aliniomba nimsomee mstari huo kwa Kiswahili. Aliusikiliza, akaomba niurudie, kisha akauliza kwa nini ni mfupi hivyo.