Kahawa kwa Vidole vya Miguu

Nikisikia harufu ya kahawa inayokaushwa juani, vidole vya miguu yangu hujikunja vyenyewe, hata nikiwa nimevaa viatu vya ofisini.

Nilikuwa darasa la pili, nimechoka kuchekwa kwa sababu ya nyayo zangu bapa. Jioni miguu iliuma hadi nikalia. Mama akanipeleka kliniki kwa bodaboda. Muuguzi aliilowesha miguu yangu, akaniambia nikanyage sakafu. Alama ikatokea nzima, kama ya pasi.

"Si ugonjwa, mama. Wengi huzaliwa hivyo. Ila kwa kuwa anaumwa, awe anaokota vitu vidogo kwa vidole vya miguu, vipate nguvu."

Nyumbani mama hakuhangaika kutafuta vitu. Alinikalisha kando ya turubai la kahawa, akaweka bakuli katikati yetu. Kila jioni niliokota kahawa ya maganda, nyeusi, kavu, yenye harufu ya tunda lililolala, punje moja moja. Naye aliokota. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vyepesi kama vya mikono. Nilidhani ananichangamsha tu.

Siku moja alinawa miguu, akapita mlangoni. Nikaziona alama zake kwenye saruji: nzima, pana, kama zangu.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi. Na bibi yako."

Akajitwika mkungu wa ndizi, akaanza kupanda kilima bila kugeuka. Nikaweka mguu wangu ndani ya alama yake kabla haijakauka, kisha nikamfuata mbio.