Fundi Aliyepungua

Nilipofika miaka arobaini na mbili, kiuno changu kilikuwa inchi arobaini na sita. Nina hakika, maana mimi ni fundi cherehani na nilijipima mwenyewe. Kibanda changu kilikuwa katika mtaa wa Nateete, nyuma ya soko. Vita vya mwaka themanini na sita vilikuwa vimepita miaka michache, watu wakaanza tena kushonesha nguo mpya. Sisi Wanubi tuliokuwa tumekimbilia Sudan tulirudi mmoja mmoja. Mke wangu hakurudi. Alituma salamu kwamba amezoea huko, na mwaka uliofuata nikasikia ameolewa. Nikapanga chumba kimoja, nikawa nakula chapati na chai yenye sukari nyingi palepale kazini, kwa sababu kupika kwa ajili ya mtu mmoja kulinishinda.

Siku moja niliinuka kwenye cherehani, kichwa kikazunguka, nikaangukia rundo la vitambaa. Fundi viatu wa kibanda cha jirani alinipeleka kliniki. Daktari alikuwa kijana wa Kiganda aliyejifunza Kiswahili kwa askari.

"Presha iko juu sana," alisema. "Dawa nitakupa, lakini lazima upunguze mwili. Tembea. Kila siku saa nzima, haraka haraka, mpaka jasho itoke."

"Daktari, mimi miguu inafanya kazi kutwa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga."

"Cherehani ndiyo inatembea. Wewe unakaa."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilishika barabara ya Wakaliga kwenda juu ya kilima cha Rubaga, penye kanisa kuu. Nilisimama mara nne kabla ya kufika kileleni. Mwuza maziwa mmoja alishuka kwenye baiskeli yake akaniuliza ni nani amekufa, maana hakuwahi kuona mtu mnene akikimbilia mlima saa hiyo bila msiba. Nilipomwambia natembea tu, hakuniamini.

Nilikaza. Mwezi wa pili nilisimama mara moja. Mwezi wa tatu nilifika juu nikiwa bado na pumzi ya kusalimia watu waliokuwa wakitoka misa ya kwanza. Nilipunguza suruali zangu zote kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumbuki kazi nyingine iliyonifurahisha hivyo.

Sasa, miaka ile ilikuwa miaka ya UKIMWI, ugonjwa tuliouita silimu, yaani mwembamba, kwa sababu ulimkondesha mtu akabaki mifupa. Fundi nguo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Mtu analeta shati lipunguzwe, anasema alilala na malaria. Baada ya miezi miwili analirudisha. Kisha anakuja mke na gauni lake. Nilipunguza bila kuuliza, na kila mara niliacha kitambaa kingi ndani ya mshono, ili siku wakinenepa nipate pa kuachia nguo ipanuke. Hakuna aliyewahi kurudi niachie.

Pamoja na kuyajua hayo yote, sikufikiria kwamba mimi nami nilikuwa napungua mbele za watu.

Fundi viatu ndiye aliyenistua. Tulikuwa tukinywea chai kikombe kimoja miaka yote. Asubuhi moja alikuja na kikombe chake, akakaa nacho mlangoni pake. Mama aliyekuwa akiniletea chapati akaanza kuzileta ndani ya gazeti, hataki tena sahani yangu irudi kwake. Halafu familia moja iliyonipa kitambaa cha gomesi, zile gauni za Kiganda, za harusi ikaja kukichukua. Walisema harusi imesogezwa. Jumamosi ileile niliwaona maharusi wakipita, gomesi zimeshonwa vizuri tu na mtu mwingine.

Nilijaribu kueleza. "Ni kutembea," nilisema. "Daktari ameniambia nipunguze." Waliitikia kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaitikia wenye malaria.

Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, mwuza vitenge, aliyetoka upande wa Beni. Alikuwa mjane, anakaa peke yake karibu na soko. Aliniletea blauzi moja nipunguze, kwa mara ya tatu. Siku hiyo alingoja mteja mwingine aondoke, kisha akavuta kigoda karibu kabisa na cherehani.

"Fundi, miye najua."

"Unajua nini, mama?"

"Weye uko nayo. Hata miye niko nayo. Miaka mbili sasa." Akachukua kikombe changu cha chai, akanywa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa mepesi, na yalikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa wiki nyingi tangu mtu akae karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake, na kikombe changu kilikuwa mkononi mwake. Nikainama, nikaendelea kushona.

"Nakuonaka asubuhi, unapanda mulima," alisema. "Una nguvu. Nitatembea na weye."

Tukaanza kutembea pamoja. Nilipunguza mwendo kwa ajili yake. Alinisimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: jinsi mume wake alivyokufa, jinsi shemeji zake walivyochukua nyumba, jinsi anavyoficha vidonda vya mdomoni akiwa kanisani. Mimi nilisikiliza na kusema "pole, mama." Nilikuwa naamka kabla ya mwadhini kwa hamu ya kusikia hatua zake mlangoni. Sikuwa nimewahi kuamka hivyo tangu nirudi kutoka Sudan.

Kisha nikaona alikuwa anajilazimisha. Miguu inatetemeka, jasho linamtoka hata penye baridi, lakini hataki kupumzika. Nilimwambia tukae, akakataa.

"Weye ulipona kwa mulima huu. Na miye nitapona."

Nilijisikia vibaya sana. Tulipofika juu nilimketisha ukingoni mwa barabara, nikamwambia yote: presha, daktari, chapati, inchi arobaini na sita. Nikamwambia sina ugonjwa, na kwamba kutembea hakuuponyi.

Chini yetu Nateete ilikuwa inaamka, moshi unatoka kwenye mapaa.

"Basi weye uko muzima," alisema mwishowe. "Mungu apewe sifa." Alisema kwa moyo, nilimsikia. Halafu akasema, "Nilizani tuko wawili."

Tulishuka polepole, na njia nzima alikataa mkono wangu.

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya tano nilimpelekea uji nyumbani kwake. Alinifungulia, akaupokea, akaniruhusu nikae. Nikawa naenda kila asubuhi, badala ya kupanda mlima. Tulizungumza habari za vitenge, za mvua, za bei ya sukari. Habari za ugonjwa wake hakunieleza tena hata siku moja. Nilipomuuliza usiku ulikuwaje, alijibu, "Muzuri," kama anavyojibiwa mtu wa nje.

Mvua zilipoanza, kaka yake alikuja na lori la mizigo kumrudisha kwao. Nilisaidia kufunga marobota. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia nisiache kutembea. Lori likaondoka kwenda mpakani.

Nilirudi mlimani peke yangu. Daktari alipima presha akafurahi, akamwita na muuguzi aje aone. Watu nao, mwaka ulipopita na mwingine ukafuata bila mimi kufa, walianza kurudi kidogo kidogo. Fundi viatu alikuja na kigoda chake, akaniomba chai. Nilimmiminia. Hatukulizungumza jambo lile.

Kila lori la Kongo lililosimama Nateete nilimfuata dereva nikamuuliza juu ya mama mwuza vitenge wa upande wa Beni. Jina lake peke yake halikutosha; waliniuliza la baba yake, au la kijiji chao, na mimi sikuwa nimewahi kumuuliza. Dereva mmoja alinionea huruma, akafikiri sana, akatikisa kichwa.

"Wamama wa vitenge ni wengi, muzee," alisema, akawasha gari.