Ngumi za Mwalimu wa Karate

Mwalimu wa karate alijiunga na yoga shingo upande, baada ya kurusha teke la juu mbele ya wanafunzi wake na kuanguka puu. Kila jioni hutandika mkeka wake karibu na mlango, kama mtu anayepita tu. Akiambiwa asimame kwa mguu mmoja, hukunja ngumi na kuukodolea macho ukuta kana kwamba umemtukania mama yake.

"Fungua mikono, kaka," dada anayefundisha yoga humwambia. "Hapa hatupigani na mtu."

Huifungua, na dada akimpa kisogo tu, huikunja tena.

Jana, wakati wa kulala chali na kupumzika, alianza kukoroma. Wenzake wakacheka chinichini. Dada aliinama amwamshe, akaona viganja vimefunguka vyenyewe.

"Mwacheni," akanong'ona. "Ndiyo kwanza ameacha kupigana."