Siku Nilipoushughulikia Utando wa Tenki

Nianze kwa kukiri mwenyewe, asije mtu mwingine akawasimulia vibaya: yule mtu mnayemsikia Kasulu, aliyetolewa ndani ya tenki la reli amelowa asali kuanzia utosini, huku mkwe wake akimfukizia moshi kama mzinga wa nyuki, ni mimi. Filemoni. Sikatai, na walioshuhudia ni wengi mno kiasi kwamba hata nikikataa nitajichosha bure.

Lakini kabla hamjacheka (nawaona) mjue kwanza mnamcheka nani. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikaanza kubeba mihogo kwa baiskeli kutoka Heru Juu kuja sokoni Kasulu, magunia mawili nyuma na moja katikati ya fremu, breki ni kandambili yangu mwenyewe, na waliosoma walikuwa wakinipita wamekaa kwenye magari ya watu. Leo lori ni langu, uwanja wenye ukuta ni wangu, na katika milima hii yote kuanzia Munanila mpaka Kibondo mtu wa kwanza kumiliki tenki la reli ni mimi. Nililinunua kwa mzee mmoja kule Kigoma mjini aliyekuwa anastaafu biashara, na ni lile tenki ambalo winchi inalishusha kutoka kwenye behewa, linapanda lori, linakuja mpaka mlangoni kwako linajazwa, halafu linarudi stesheni kupanda behewa lake na kwenda zake Dar. Siku lilipofika nilimwita mchoraji, nikamwambia andika ubavuni, pande zote mbili, herufi zisomwe kutoka barabarani: MWENYE TENKI NI FILEMONI. Kumbukeni maandishi hayo, yatarudi.

Sasa tenki la nini? La asali. Mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, Bibi Skolastika, ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki kule Kibondo, akina mama watupu na wazee wawili watatu, na asali yao miaka yote walikuwa wanaiuza ndoo moja moja kwa wachuuzi wanaokuja na maneno mengi. Nikawatafutia mnunuzi wa Dar anayetaka asali ya msimu mzima kwa mkupuo mmoja, isafiri kwa reli, ndani ya tenki lililokaguliwa na kufungwa lakiri. Wakaogopa. Msimu mzima, kwa mtu mmoja? Bibi Skolastika akasimama mbele ya kikundi chake akasema, "Huyu ni mkwe wangu. Akiiharibu asali yenu, mje kunidai mimi heshima yangu." Maneno hayo alisema nikiwa nimekaa pale, nimevaa koti. Nilitabasamu mpaka masikioni.

Wiki moja kabla ya ukaguzi nikaletewa barua ya watu wa reli, karatasi moja tu. Mafundi wangu walikuwa wamekaa kivulini wanakula, nikaona huu ndio wakati, nikavaa miwani nikawasomea kwa sauti: "Mwenye tenki anakumbushwa kushughulikia utando wa ndani kabla ya siku ya ukaguzi. Wajibu huu ni wa mwenye tenki, si wa reli wala wa anayepakia." Chini yake kulikuwa na namba ya simu kwa mwenye swali. Hapo ndipo ulipoanzia mkasa wote, ndugu zangu, kwenye ile namba, kwa sababu niliitazama nikasema moyoni, namba ya maswali ni ya watu wasioelewa, na mimi nimeelewa.

Niambieni ninyi wenyewe. Kwetu huku ukisikia fulani ameshughulikiwa na sungusungu, je, unadhani wamempaka mafuta? Si utamkuta kesho anachechemea! Na utando ni nini? Utando ni ule wa buibui kwenye pembe ya nyumba, ni ule unaotanda juu ya maziwa yakipoa, ni ule unaomziba mzee jicho asione. Nani aliyewahi kusikia utando mzuri? Nikapanda ngazi, nikafungua mfuniko, nikaingiza kichwa na tochi, na kweli nikauona umejibandika tenki zima, mweupe-mweupe wenye unjano, kama ukoko, na sehemu moja karibu na bomba umebanduka, pabaya padogo kama kiganja cha mkono. Nikasema, wewe leo umekutana na mwenyewe.

Nikamwita fundi Dezire. Huyu wazazi wake walitoka Burundi, yeye uraia wake ni wa Tanzania, na kwa chuma hakuna wa kumfikia hapa Kasulu ila ana tabia ya kufikiri sana wakati wa kazi. Akaingia ndani, akakaa humo kitambo, akagongagonga kwa kucha, akatoka anafuta jasho.

"Oya, hapana, mzee," akasema. "Kile si uchafu."

"Ni nini basi?"

"Kimepakwa. Kimeenda sawasawa mpaka kwenye maungio. Uchafu gani unajua kupaka sawasawa namna ile? Mimi naona tuzibe pale palipobanduka tu."

"Dezire, barua imesema tuzibe?"

"Imesema tushughulikie."

"Sasa wewe ukishughulikiwa, huwa unazibwa?"

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Dezire akanitazama, akachukua grenda, akasema, "Ego, haya, tenki ni lako," na kwa siku tatu mlio wa ile grenda ulisikika kama unasaga mtaa mzima. Alipomaliza niliingiza tochi tena, nikajiona uso wangu kwenye chuma, meno na yote. Tenki linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikampigia simu mke wangu nikamwambia, mama Yusta, waalike watu.

Siku ya ukaguzi uwanja ulijaa. Mchungaji alikuwepo, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, kwaya ilikuja na spika, na lori langu likaingia kutoka Kibondo na ndoo za asali zimepangwa mpaka juu, Bibi Skolastika amekaa mbele na dereva, kitenge kipya, mgongo umenyooka. Nikamsalimia kwa mbali kama inavyotakiwa (mkwe kwetu hushikani naye mikono ovyo, unainama kidogo, unaangalia pembeni), naye akajibu, "Mwakeye, mwanangu. Asali ya watu hii hapa."

Mkaguzi alichelewa. Nami sikujaliwa kukaa mbele ya watu wengi nikanyamaza, nikashika kipaza sauti, nikawaeleza tangu baiskeli mpaka tenki, nikaona bado mkaguzi hajafika, nikasema basi tumimine ndoo tano za mwanzo, za baraka, kwaya iimbe. Bibi Skolastika akatoa tano zake mwenyewe, hakutaka za wenzake zitangulie. Dezire akazimimina, kwaya ikaimba, na mimi nikapunga mkono kama nimeshinda kura.

Ndipo akaja mkaguzi. Nilitegemea mzee mwenye kitambi kama changu, kumbe dada mmoja mwembamba, mhandisi, mpole, buti miguuni na tochi kiunoni. Akasalimia watu wote, akapanda ngazi, akaingiza kichwa. Akakaa nacho humo. Kwaya ikaishiwa wimbo. Alipotoa kichwa hakuwa anatabasamu.

"Mzee, samahani. Utando uko wapi?"

"Nimeushughulikia!" nikajibu kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi, tena ya nguvu, na mwenyekiti wa mtaa akasimama kabisa.

Akasubiri makofi yaishe. "Umeushughulikia namna gani?"

"Nimeukwangua wote. Hujaona mwenyewe? Hata punje haijabaki."

Yule dada akakaa taratibu pale juu ya tenki, kando ya mfuniko, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Akasema, bila kelele, lakini kipaza sauti changu kilikuwa karibu kikamchukua mpaka barabarani: "Mzee, ule utando ndio koti la ndani la tenki. Asali ina ukali wake, ikigusa chuma kitupu inakila chuma, na yenyewe inageuka rangi na ladha. Tulikuwa tunakukumbusha uutunze. Palihitaji kiraka, palipobanduka tu."

Nikamwona Dezire anatazama viatu vyake. Kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote, kwamba hakusema kitu.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaanza kutafuta wa kumtwisha lawama. Nikasema hiyo kazi ni ya reli, reli ndiyo inayobeba. Dada akasema, "Hapana, barua imeeleza." Nikasema basi ni ya yule mzee wa Kigoma aliyeniuzia. Akasema, "Ukishanunua si yake tena." Nikasema basi ni ya wanaopakia, akina mama wa Kibondo, na hapo uwanja mzima ukaguna, maana nilikuwa nimemgusa mkwe hadharani. Dada wa watu hakubishana. Aliinama kutoka kule juu, akaangaza tochi yake ubavuni mwa tenki, mchana kweupe, akasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mwenye. Tenki. Ni. Filemoni."

Walicheka mpaka spika ikapiga mluzi. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya tatu alikaa chini kabisa.

Bibi Skolastika hakucheka. Alisogea mbele, bado ananiangalia pembeni kwa heshima, akasema, "Mwanangu, wewe umezaliwa Heru Juu. Baba yako alikuwa na mizinga. Uliona wapi asali inakaa kwenye chuma kitupu? Mzinga tunachonga mti. Asali tunaweka kibuyuni. Hilo nalo lilihitaji barua?"

Jamani, hapo ndipo nilipochomwa. Kila mtu kule kwetu analijua hilo, na mimi nililijua tangu sijajua kuvaa suruali. Nilikuwa nalijua, nikalisahau kwa sababu ya karatasi.

Mkaguzi akasema tenki haliendi popote, na asali iliyomo itolewe, kwa sababu ina vumbi la chuma na haiwezi kuuzwa. Nani ataingia? Sauti moja kutoka nyuma (ninamjua, ni kinyozi wangu, na nimehama kiti chake) ikasema, "Wajibu huu ni wa mwenye tenki!" Basi nikavua koti, nikamkabidhi mchungaji, nikaingia na ndoo na kikombe, na mguu wa kwanza uliogusa asali ukaenda Kigoma na wa pili ukaenda Kibondo, nikakaa kitako katikati ya ndoo tano za baraka. Nikainuka, nikaanguka tena kifudifudi. Watu nje walikuwa wanasikia tenki linalia ngoma.

Nilipofanikiwa kutokeza kichwa, nyuki walikuwa wameshapata habari. Sijui walitoka kwa nani, ila walikuja kama walioalikwa na mama Yusta. Na tumbo langu, ambalo lilipita mfunikoni vizuri wakati wa kuingia, safari hii likakataa. Mchungaji alikimbia na koti langu. Kwaya ilikimbia na spika. Mwenyekiti wa mtaa sijui alikimbia na nini.

Aliyebaki ni mkwe. Akakusanya nyasi kavu kando ya ukuta, akazifunga kitita, akawasha, akaweka majani mabichi juu, akapanda ngazi ya tenki kwa miguu ile ya miaka sabini na kitu, akanifukizia moshi usoni, shingoni, kwenye masikio, kwa utulivu kama anavuna mzinga wake wa nyumbani. Miaka ishirini na mbili ya ndoa yule mama hajawahi kunishika hata kidole, na siku hiyo alinishika kichwa kwa mkono mmoja kama mtoto anayenyolewa, akasema, "Tulia. Nyuki wanapenda mtu anayetulia," huku Dezire akinisukuma kutoka ndani, maana alishaingia kupitia mfuniko wa pili, ule wa kule nyuma, bila kuambiwa na mtu.

Sitawaeleza kuhusu suruali.

Asali nyingine yote ilikuwa bado kwenye ndoo zake, imefungwa, ikarudi Kibondo siku hiyohiyo ikiwa salama, na mnunuzi alikubali kusubiri (asali haina haraka, ndiyo maana naipenda kuliko ndizi). Nilipiga simu kwenye ile namba. Ndiyo, niliipiga, nikauliza mpaka yule dada akachoka. Walikuja mafundi wa utando kutoka mbali, wakapaka upya, wakapima, na leo cheti chake kinaning'inia ofisini kwangu, na bado ni mimi peke yangu mwenye tenki la reli milima hii, mtu asijisahau. Lakini kabla kikundi hakijanipa asali yao mara ya pili, Bibi Skolastika alinisimamisha Kibondo, mbele ya wanachama wote, akanipa ile barua niisome tena kwa sauti, na kila nikifika kwenye neno anauliza, "Maana yake?" na mimi najibu. Nilipofika kwenye "wajibu" akanisimamisha kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Pakieni."

Tenki likaenda, likafika. Kutoka kwenye zile ndoo tano nimebakiza chupa moja, imegeuka nyeusi kama dawa ya kienyeji, ipo kwenye rafu chini ya cheti.

Nami nimeapa, nikiwa na akili zangu timamu: sitalifanyia kazi tena neno ambalo sijaliuliza. Juzi mke wangu ameniambia, "Baba Yusta, hebu ushughulikie huo mlango wa jikoni." Nikaweka nyundo chini. Nikamwuliza kwa heshima zote: niutengeneze, au niung'oe?