Kapitene Wangu wa Asilimia Mia

Kwetu Wagenia tunazaliwa wavuvi, kwa hiyo aibu yangu ni mara mbili. Miezi mitatu nilihangaikia kombe la mwisho la kufikisha asilimia mia kwenye mchezo wa simu: kumvua samaki kapitene wa dhahabu. Juzi, nikiwa kwenye zamu ya kulinda mitego ya ukoo pale kwenye maporomoko, simu mkononi, akanasa! Mjinga mimi, nikaruka juu ya jiwe nikipiga kelele: "Nimepata kapitene! Kubwa kupita yote!"

Mjomba wangu, Tonton Bosco, akaja mbio na kamba. Mkewe akafuata na beseni, na majirani nyuma yake wakiimba.

"Bon, samaki iko wapi?" Tonton akauliza, akihema.

Ningeweza kusema ametoroka. Lakini miezi mitatu! Nikainua simu juu.

"Huyu hapa, Tonton. Asilimia mia!"

Mkewe akachungulia, akatua beseni.

"Donc, yaani leo tutakula simu?"